Usikimbilie kuitupa kingamwili yako

Juzi mwanafunzi wa uzamili kaniandikia: "Shikamoo dada. Kingamwili yangu ya VEGFR-3 inanipa mistari mitatu. Profesa anasema ni chafu, niitupe. Nifanyeje?" VEGFR-3 ni kipokezi, yaani protini inayokaa kwenye ukuta wa seli, na kingamwili ndiyo tunayoitumia maabara kuisaka; "chafu" maana yake inashika na protini nyingine. Nilicheka, kisha hasira za zamani zikarudi.

Mimi niliambiwa hayo hayo mbele ya watu. Picha yangu ya westani bloti (jaribio la kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, kisha kingamwili huonyesha unayoisaka kama mstari) iko ukutani, bosi ananiuliza kama najua hata kupakia jeli. Mistari ilikaa kwenye kilodaltoni (kizio cha uzito wa protini) 195, 175 na 125. Nikaeleza kwamba kipokezi hiki ndivyo kilivyo: seli hukiunda kizima, hukivika sukari, kisha hukikata upande wa nje. Kipande cha 125 na cha 75 hubaki vimeshikana kwa daraja la salfa, na sisi wenyewe hulivunja tunapotia DTT, kemikali ya kuandalia sampuli. Kingamwili yangu hushika mkia ulio ndani ya seli, ndiyo maana cha 75, kilicho nje, hakionekani. Nani alisikiliza? Sasa picha ile ile imo kwenye makala yetu iliyokubaliwa, na jina la bosi limo pia. Haya.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla ya kuagiza ulizeni kingamwili inashika sehemu gani ya kipokezi, na kama ni cha binadamu au cha panya. Someni! Mwaka 1995 kundi la Kari Alitalo kule Helsinki lilionyesha kwamba kiumbe kikiendelea kukua tumboni, kipokezi hiki hubaki hasa kwenye mishipa ya limfu. Hasa, si pekee. Kwenye uvimbe wa saratani hata mishipa mipya ya damu huweza kuwa nacho, na seli za saratani ya Kaposi, ambayo hapa kwetu tunaijua vizuri mno, zinacho pia. Basi usiite mshipa wa limfu kwa VEGFR-3 peke yake. Weka na PROX1, protini nyingine ya kutambulisha mishipa ya limfu, kando yake. Vijana mnapenda njia ya mkato, mnaamini kila karatasi ya muuzaji.

Wewe uliyeniandikia, usitupe kitu. Chukua seli za mishipa ya limfu, zima FLT4, jeni inayounda VEGFR-3, kwa siRNA (vipande vya RNA vya kunyamazisha jeni), upige bloti tena sambamba na seli ambazo hukuzigusa. Mistari yote mitatu ikififia pamoja, basi yote ni kipokezi hicho hicho; mpelekee profesa hiyo picha.