Meza ya kuunganisha au meza ya kuunganishia?

SWALI: Naandika maelekezo ya kutengeneza meza ya karakana inayokaa nyuma ya msumeno wa meza, yaani msumeno wa duara uliofungwa kwenye meza yake. Inapokea mbao zinapotoka kwenye msumeno, fundi huunganisha samani juu yake, na chini ina nafasi ya zana. Niiite "meza ya kupokea na kuunganisha" au "ya kupokelea na kuunganishia"? Mwenzangu anasema viambishi hivyo ni mapambo tu. Na kile kisanduku cha kuvuta ni droo au mtoto wa meza? Pia nimeandika: "Uso wa meza hii uwe chini ya meza ya msumeno." Inatosha?

JIBU: Si mapambo hata kidogo, na mfano wako unaonyesha hivyo vizuri. "Meza ya kuunganisha" ni meza iliyoletwa vipande vipande, inayosubiri kuunganishwa. "Meza ya kuunganishia" ni ile ambayo fundi huunganisha vitu vingine juu yake. Maelekezo yako yatakuwa na zote mbili: siku ya kwanza msomaji ana meza ya kuunganisha, akimaliza anakuwa na meza ya kuunganishia.

Viambishi hivyo huunda kauli ya kutendea, ambayo tunafundishwa zaidi kwa mifano ya mtendewa, kama "nimemkatia ubao". Lakini ina kazi nyingine kubwa, nayo ni kutaja kifaa au mahali pa kutendea jambo. Kuna maji ya kunywa na kikombe cha kunywea, nguo za kufua na beseni la kufulia. Kwa seremala kuna mbao za kukata na msumeno wa kukatia, mbao za kupima na futi ya kupimia. Ukiondoa kiambishi, kifaa kinaweza kusomeka kama ndicho kinachotendwa.

Kwenye kupokea sina ukali huo. "Meza ya kupokea mbao" haina kosa, kwa kuwa meza yenyewe ndiyo inayopokea, kama tunavyosema mashine ya kukata nyasi. "Ya kupokelea" inamfanya fundi kuwa mpokeaji na meza kuwa mahali. Hata hivyo mimi ningeandika "meza ya kupokelea na kuunganishia", maana vitenzi viwili vinavyofuatana chini ya kiunganishi kimoja vinasomeka vyema vikiwa katika kauli moja. Angalia pia umbo: katika pokea, ile "l" iliyofichika hurudi, tunapata pokelea, kama toboa inavyozaa tobolea. Shina lenye e au o huvuta e, na lenye a, i au u huvuta i, ndiyo sababu ya katia na unganishia. Hifadhi huongezewa a tu: rafu ya kuhifadhia zana.

Droo na mtoto wa meza yote ni sahihi. Kwa maelekezo ya ufundi nashauri droo, maana upatanisho wake ni mwepesi: droo hii inateleza, droo hizi zinateleza. Mtoto wa meza ni jina zuri, ila ukilitumia katika kila hatua sentensi zitakuwa ndefu bila sababu.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi. "Chini ya" ina maana mbili: kuwa mvunguni mwa kitu, na kupungua kipimo. Msomaji anaweza kudhani meza nzima inasukumwa mvunguni mwa msumeno, au akaelewa kwamba ishuke, asijue kwa kiasi gani. Tumia "chini kuliko", kisha taja kipimo. Usiache hili, kwa sababu uso ukiwa juu hata kidogo, ncha ya ubao itagota ukingoni katikati ya mkato, na ubao uliokwama kwenye msumeno unaozunguka unaweza kumrudia fundi kwa nguvu. "Nyuma ya msumeno" nayo iwe wazi zaidi, kwani nyuma hutegemea umesimama wapi. Ningeandika hivi:

"Weka meza upande ubao unakotokea baada ya kukatwa. Uso wake uwe chini kuliko uso wa meza ya msumeno kwa milimita 1 hadi 2. Chonga mifereji inayoendeleza ile ya meza ya msumeno, ili kiongozi cha kukatia pembe, kinachoteleza ndani ya mifereji hiyo, kipite bila kugota."