Maswali ya Wasomaji: Kura za Watazamaji Katika Mashindano ya Filamu Mtandaoni

Ndugu wahariri, filamu yangu fupi ya dakika 5 imebwagwa na nyingine ambayo hata mazungumzo yake hayasikiki vizuri. Mwenye filamu hiyo ana wafuasi lukuki mitandaoni. Huu si wizi wa kura?

Si wizi. Ikiwa kanuni zilimruhusu kila mtu kuipigia kura filamu yoyote kwa kubofya mara moja, mwenzako alizifuata. Mbovu ni kanuni zenyewe. Chukua shindano lenye filamu 60 za dakika 5 kila moja: kuzitazama zote ni saa 5. Hakuna anayefanya hivyo. Mpiga kura hutumiwa linki na rafiki yake, hufungua filamu hiyo moja, hubofya, huondoka. Mara nyingi hata haitazami mpaka mwisho. Kinachohesabiwa hapo ni ukubwa wa kitabu cha simu cha mshiriki, na waandaaji wengi wanalijua hilo vizuri sana: kila mshiriki anayehamasisha watu wake anawatangazia tovuti yao bure.

Dawa yake ni kumlazimisha mpiga kura alinganishe. Linki zote ziende kwenye ukurasa mkuu wa shindano, si kwenye filamu moja. Hapo mfumo umpe filamu 5 kwa bahati nasibu, azitazame, kisha azipange kuanzia ya kwanza hadi ya tano. Kura isipokewe kabla kichezeshi cha video hakijaonyesha kwamba kila filamu imetazamwa kwa angalau asilimia 80 ya urefu wake. Ukitaka kila moja ya filamu 60 itazamwe mara 50, unahitaji kutazamwa mara 3,000 kwa jumla, yaani wapiga kura 600 wa filamu tano tano. Ukiridhika na mara 20, wanatosha 240. Bahati nasibu yenyewe iwe na mizani: filamu zilizotazamwa mara chache zaidi zitangulie kugawiwa, la sivyo nyingine zitabaki nyuma kwa mkosi tu.

Waandaaji, hata 240 hampati? Basi wapeni washiriki wenyewe kazi hiyo. Kila mmoja apangiwe filamu 10 za wenzake, yake isiwemo, na kanuni ziseme wazi kwamba asiyewasilisha mpangilio wake anatolewa. Ni dakika 50 za kutazama, na kila filamu inapata wapimaji 10 kamili. Hatari iliyopo ni mshiriki kuwashusha wenzake wanaomtisha. Linganisheni mpangilio wake na ule wa jumla. Akiwa amewapindua juu chini wote waliopendwa na wengine, anastahili kuombwa maelezo. Akiwa ametofautiana nao kwenye filamu moja au mbili, mwacheni. Watu wana ladha zao.

Je, idadi ya kura ionekane wakati upigaji unaendelea? Sisi tunaona inaleta msisimko.

Inaleta msisimko, na inaharibu matokeo. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio lililohusisha watu zaidi ya 14,000 waliosikiliza nyimbo wasizozijua. Baadhi yao walionyeshwa kila wimbo umepakuliwa mara ngapi, wengine hawakuonyeshwa. Walioonyeshwa waligawanywa katika makundi yasiyoonana, na kila kundi likaanza na sifuri. Pale namba zilipoonekana, pengo kati ya nyimbo zilizopendwa na zilizoachwa lilikuwa kubwa zaidi, na ilikuwa vigumu zaidi kutabiri ni wimbo upi utavuma katika kundi lipi. Filamu nazo zitakwenda mkondo huo: anayewahi kuwapigia simu jamaa zake siku ya kwanza anajijengea ngazi.

Ficheni idadi mpaka dirisha la kupigia kura lifungwe. Na kama ukurasa una orodha, ichanganywe upya kwa kila mgeni. Ikipangwa kwa herufi au kwa tarehe ya kuwasilishwa, zilizo juu zitafunguliwa zaidi kwa kuwa juu tu.

Tumezuia kura zaidi ya moja kutoka anwani moja ya IP (namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti), lakini sasa watu halali wanalalamika kwamba wamezuiwa. Tumekosea wapi?

Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya pamoja. Bweni au ofisi nzima nayo huonekana kama mtu mmoja. Wakati huohuo, mdanganyifu anabadilisha anwani kwa VPN, huduma inayoficha anwani halisi, ndani ya sekunde chache. Mmewafungia wema na kuwaachia wajanja.

Barua pepe peke yake nayo ni ulinzi dhaifu. Kwenye Gmail, mtu anaweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lake, au kuhamisha nukta ndani yake, na ujumbe wote ukaingia kwenye sanduku lilelile. Ondoeni vitu hivyo kabla ya kulinganisha anwani za Gmail. Namba ya simu inayothibitishwa kwa msimbo wa mara moja ina nguvu zaidi, ingawa kila ujumbe una gharama.

Baada ya hapo, someni kumbukumbu za seva, kompyuta inayoendesha tovuti yenu. Kura 200 ndani ya dakika 10 saa tisa usiku, zote za filamu moja, zote kutoka kwenye akaunti zilizofunguliwa usiku huohuo: hizo hazihitaji mpelelezi. Lakini msimwondoe mshiriki kwa sababu hiyo peke yake, maana hata mpinzani wake anaweza kumnunulia kura feki ili afukuzwe. Futeni kura, mtangaze idadi iliyofutwa.

Tunatumia alama 1 hadi 10. Filamu yenye kura 6 imeongoza kwa wastani wa 9.5, na yenye kura 300 ina 8.4. Nani mshindi?

Wastani mtupu huzipendelea filamu zilizoonwa na marafiki wachache. Zipeni filamu zote kura za kuanzia zilizo sawa, tuseme 50, zenye thamani ya wastani wa shindano zima. Wastani huo ukiwa 6.5, ya kwanza inapata (6 × 9.5 + 50 × 6.5) ÷ 56, yaani 6.8. Ya pili inapata (300 × 8.4 + 50 × 6.5) ÷ 350, yaani 8.1. Hiyo 50 iandikwe kwenye kanuni kabla kura ya kwanza haijapigwa. Ikichaguliwa baadaye, mtashukiwa, na kwa haki.

Majaji nusu, umma nusu: inatosha?

Inategemea mnavyojumlisha. Alama za majaji hubanana, kwa mfano 65 hadi 85, ilhali kura hutawanyika kutoka 20 hadi 4,000. Tuseme filamu A ina 85 za majaji na kura 400; B ina 70 na kura 4,000. Mkichukua nusu ya alama za majaji, na mkagawa kura kwa idadi ya juu kabisa kisha mkazidisha kwa 50, A inapata 42.5 + 5 = 47.5, na B inapata 35 + 50 = 85. Majaji wamekuwa mapambo. Badilisheni kila upande kuwa nafasi kwanza: kati ya filamu 10, wa kwanza apewe pointi 10, wa pili 9, na kuendelea. A ikiwa ya kwanza kwa majaji na ya tatu kwa umma ina 18. B ikiwa ya sita kwa majaji na ya kwanza kwa umma ina 15. Eurovision nayo, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, ilipowarudisha majaji kwenye fainali ya mwaka 2009 kwa uzito wa nusu kwa nusu, ilijumlisha pointi zilizotokana na nafasi, si idadi ya simu zilizopigwa.

Pointi zikilingana, aliye juu kwa majaji atangulie, au kinyume chake. Chagueni kimoja sasa, kabla hamjaanza kupokea filamu.