Dola Moja kwa Kila Nakala: Barua kwa Mnaoandikia Vijana Bukavu

Wadogo zangu,

Kila mara ananijia mmoja wenu na muswada mkononi, akiniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, na maneno huwa yaleyale: "Yaya, nataka kitabu changu kisaidie watoto." Nafurahi kila ninapoyasikia, maana mji wetu huu wa mashariki mwa Kongo una watoto wa kusaidiwa kuliko vitabu vya kuwasomea. Lakini kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja nauliza: kila nakala itakayouzwa itatoa shilingi ngapi, franka ngapi, dola ngapi? Wengi hunijibu, "Mapato yote." Hapo ndipo ninapowavutia kiti, kwa sababu neno hilo niliwahi kulibandika ukutani kwa mkono wangu.

Ilikuwa mwaka 2023. Alhamisi ya tarehe 4 Mei, siku ya soko Nyamukubi, maji na mawe yalishuka kutoka milimani yakaizoa Nyamukubi na Bushushu, kule Kalehe. Waliokufa walizidi 400, wengine hawakupatikana kabisa. Hapa Bukavu karibu kila familia ilikuwa na mtu wa kumlilia au wa kumtafuta. Mimi nilikuwa na hadithi ya vijana iliyokwisha kuandikwa, nikaona ndiyo mchango wangu. Mchapaji alinitolea nakala 200 kwa dola 2 kila moja, kwa deni. Nikapanga bei ya dola 3, nikapita shuleni nikibandika tangazo: "Mapato yote ya kitabu hiki ni ya Kalehe."

Nakala 140 zilienda haraka, nikakusanya dola 420. Mchapaji akaja kuchukua 400 zake. Zikabaki 20.

Siku niliporudi katika shule moja kuwasomea wanafunzi sura ya kwanza, binti wa darasa la nne la sekondari alinyoosha mkono. "Yaya, mlisema mapato yote. Ile pesa yetu ilifika ngapi kule?" Hakuuliza kwa ubaya. Baadaye nikajua kwamba alinunua kitabu kwa nauli yake ya teksi, akashuka na kupanda kwa miguu kati ya Panzi na Nyawera hadi dola 3 zikatimia. Nilimwambia ukweli mbele ya wenzake, kwamba zimebaki 20. Darasa zima lilinyamaza, na ule ukimya ninao mpaka leo. Zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, ilipofika, nilitoa dola 120 nikaongeza juu ya zile 20, ikawa 140, dola moja kwa kila nakala iliyouzwa. Nikarudi darasani na karatasi iliyosainiwa na waliopokea. Tangu siku hiyo sijaandika tena "mapato yote", na sitaki nanyi muyaandike.

Angalieni hesabu ilivyo. Ukichapisha kwa gharama yako, faida ni kile kinachobaki baada ya mchapaji, usafiri na sehemu ya muuza vitabu. Ukichapishwa na nyumba ya uchapishaji, chako ni mrabaha tu, yaani fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa, na mara nyingi mrabaha wa mwandishi hauendi mbali na asilimia 10 ya bei. Kwa hiyo mwandishi anayetoa mrabaha wake wote wa kitabu cha dola 5 anatoa senti 50 hivi. Ametoa chote alicho nacho, na anastahili heshima. Lakini msomaji wa miaka 15 akisoma "mapato yote" anaelewa kwamba dola zake 5 ndizo zitakazonunua mabati ya Kalehe. Mmoja amesema kweli na mwingine amedanganyika, kwa neno lilelile.

Waliofanikiwa kwa kiwango kikubwa walianza na hesabu hii. Mwaka 2001 J. K. Rowling aliandika vitabu viwili vidogo kwa ajili ya shirika la Comic Relief la Uingereza, vinavyotokana na ulimwengu wa Harry Potter. Zaidi ya asilimia 80 ya bei ilikwenda kwenye msaada. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu si mwandishi peke yake aliyejinyima: mchapishaji naye aliachia fungu lake, na wauzaji pia. Kwa hiyo kabla ya kutangaza lolote, mfuateni mchapaji wenu, hata yule mwenye mashine mbili pale mjini, mumuulize: wewe utapunguza nini? Mimi nilimuuliza kwa kitabu cha pili. Aliniondolea senti 30 kwa kila nakala na akaomba jina lake liandikwe ndani. Sikuwahi kufikiri kwamba angekubali, maana sikuwahi kumuuliza.

Kuna mfano wa zamani zaidi ninaoupenda. Mwaka 1929 J. M. Barrie, aliyemtunga Peter Pan, aliipa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ya London haki zote za hadithi hiyo. Hakuwapa pesa, aliwapa chanzo cha pesa. Kisha mwaka 1988 bunge la Uingereza likatunga sheria ili hospitali iendelee kupata mrabaha nchini humo hata baada ya muda wa kawaida wa hakimiliki kwisha. Barrie aliomba kiasi kinachopatikana kisitangazwe, na hospitali imetunza ombi lake. Kuna ndugu mmoja alinishika hapo: "Mbona yeye alificha, na wewe unatudai karatasi?" Jibu langu ni kwamba Barrie alitoa mali yake mwenyewe, wala hakumwambia mtoto yeyote, "Nunua kitabu hiki ili mgonjwa apone." Ukitoa chako, nyamaza ukitaka. Ukiomba cha msomaji, utamwonyesha kilikofika.

Baada ya hesabu, tafuteni mkono wa kupokea ambao tayari unafanya kazi. Najua hamu ya kuanzisha shirika lenye jina la kitabu chako. Sheria ya mashirika yasiyo ya faida ya tarehe 20 Julai 2001 inakuruhusu, lakini utajikuta na katiba, kamati, mihuri na safari za makaratasi hadi Kinshasa, wakati watoto uliowaandikia wanangoja. Deborah Ellis wa Kanada, aliyeandika habari za binti wa Kabul anayejivika nguo za mvulana ili alishe familia, hakwenda Afghanistan kufungua shule yake. Alielekeza mrabaha wake kwa wanawake wa Kanada waliokuwa wamejipanga kuwasomesha wanawake wa Afghanistan. Naye Linda Sue Park alipotoa riwaya yake ya mwaka 2010 kuhusu safari ya Salva Dut, mtoto aliyekimbia vita vya Sudan, Dut mwenyewe alikuwa ameshaanzisha kazi ya kuchimba visima tangu 2003. Wanafunzi wa Marekani walipomaliza kitabu na kutaka kufanya kitu, pesa yao ilikuta mashine, mafundi na vijiji vinavyojulikana.

Kwetu mkono huo unaweza kuwa kituo cha afya, parokia, au mama anayelea yatima katika nyumba yake Kadutu. Nendeni mkae nao siku nzima kabla ya kuandika jina lao kwenye jalada. Ulizeni wanachokosa hasa. Mimi nilidhani wasichana fulani wanahitaji madaftari, kumbe walikuwa wanakosa shule siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa vitambaa vya hedhi na sabuni. Ningepeleka madaftari, yangelala.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko pesa.

Mwandishi wa London akiomba msaada kwa ajili ya watoto wa mbali, msomaji wake na mtoto anayesaidiwa huenda wasionane maishani. Sisi tunaandika mahali ambapo wanaketi kwenye benchi moja. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bila malipo tangu 2019, lakini sekondari bado ina minervali, yaani ada ya shule, na ndiko wasomaji wetu waliko. Katika darasa la wanafunzi 50 unaowauzia kitabu, kumi wanaweza kuwa wale wale ambao kitabu kinawachangia. Kitabu changu cha pili kililipia minervali ya wanafunzi saba. Katika shule moja, majina yao yalisomwa mbele ya bendera asubuhi, kwa nia njema kabisa, na watu wakapiga makofi. Mvulana mmoja kati ya hao saba hakuonekana shuleni wiki nzima. Nilipomfuata kwao, mama yake aliniambia: "Alisema afadhali angefukuzwa." Pesa ilikuwa safi, risiti zilikuwepo, na bado tulimuumiza. Tangu hapo ninakubaliana na prefe, mkuu wa shule, kwa maandishi: jina la mwanafunzi linajulikana na watu wawili, mlipaji na mhasibu wa shule. Wasomaji wanapewa idadi, si majina. Picha za watoto wakipokea siweki popote.

Na ndani ya hadithi yenyewe pia, kuwa mwangalifu. Usimchukue binti aliyekimbia vita akiwa na mdogo wake mgongoni ukamfanya machozi ya kuuzia kitabu. Mpe akili, mpe utani, mpe hasira. Mpe kosa analolifanya mwenyewe. Msomaji aliyepitia njia hiyohiyo atajua katika ukurasa wa tatu kama unamheshimu au unamwombea sadaka. Na mtu akikusimulia yaliyompata, rudi kwake na kurasa ulizoandika, umsomee, akubali au akatae. Mama mmoja alikataa sura nzima. Niliitoa, hadithi ikabaki na pengo, nikaliziba kwa namna nyingine.

Si lazima pesa itoke kwenye kuuza nakala. Mnamo 2017, baada ya jengo la Grenfell kuungua London, waandishi waliweka mnadani walichonacho. Philip Pullman alitoa nafasi ya mtu kuchagua jina la mhusika katika kitabu chake kijacho. Mwalimu mmoja akaomba jina liwe la mwanafunzi wake wa zamani, binti aliyekufa katika moto ule, na watu wengine wakaungana naye kuchangia. Jina lile limo katika kitabu kilichotoka 2019. Na mwaka 2015 Patrick Ness hakuuza kitu. Aliahidi tu kuweka paundi 10,000 zake iwapo watu wangechangia kiasi hicho kwa ajili ya wakimbizi wa Syria kupitia Save the Children. Waandishi wenzake wa vijana wakaahidi vilevile, na mchango ukapita paundi 600,000. Sisi hatuna elfu kumi, lakini kusoma hadithi shuleni kwa kiingilio kidogo hakudai mchapaji wala deni. Na jina la mhusika mtu atalilipia, hasa jina la bibi yake. Uliza familia kwanza.

Kuhusu kushika pesa nitasema haraka. Wanafunzi hulipa kwa franka, mchapaji hudai dola, na katikati kuna kubadilisha: pangeni bei mkijua hasara hiyo. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo hamtapata wa kuipokea, basi msiipokee. Benki za hapa zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025 tulibaki na pesa ya simu, na makato yake ni lazima yahesabiwe, la sivyo ile dola moja uliyoahidi itafika ikiwa imepungua. Mimi makato nayalipa upande wangu. Na daftari la mauzo asilishike mwandishi.

La kwangu analishika yule binti wa darasa la nne, ambaye sasa yuko chuoni. Nilimwomba mwenyewe. Jina la mchapaji, bei na dola moja viko kwenye ukurasa wa pili wa kila kitabu, chini ya hakimiliki, kwa herufi za ukubwa uleule wa hadithi: "Umenunua nakala hii kwa dola 3. Dola 1 inakwenda kwenye minervali. Miezi mitatu baada ya kufunga mauzo, hesabu itabandikwa katika kila shule tuliyouza." Aliyeongeza sentensi ya mwisho ni yeye. Mimi nilitaka iwe miezi sita, akakataa.