Sukari iliyo juu ya chembe za damu

SWALI: Daktari, shikamoo. Nilipochangia damu hapa Masasi niliambiwa kuwa mimi ni wa kundi O. Mjomba wangu anashikilia kwamba watu wa kundi hilo hawaugui malaria kwa sababu damu yao ina sukari pungufu. Je, ni kweli? Na chakula kinaweza kuibadilisha sukari hiyo?
Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Marahaba. Mjomba wako hakukosea kabisa, ila sukari hiyo siyo ile inayopimwa kwa wagonjwa wa kisukari. Protini nyingi zilizo kwenye utando wa seli hubeba minyororo mifupi ya sukari, ambayo seli yenyewe huiunganisha kwa vimeng'enya vyake. Kazi hiyo huitwa glikosilesheni. Makundi ya damu, aliyoyatangaza Karl Landsteiner mwaka 1901, yanatokana na minyororo ya namna hiyo. Wa kundi A huongezewa sukari moja kwenye ncha ya mnyororo, wa kundi B huongezewa ya aina nyingine, na wewe wa kundi O huongezewi kitu, kwa sababu jeni ulizorithi kwa wazazi wako hazitengenezi kimeng'enya cha kuiongeza. Chakula hakibadilishi lolote hapo.

Sasa malaria. Chembe nyekundu iliyoingiwa na kimelea cha Plasmodium falciparum hunasa chembe nzima zilizo jirani, zikashikamana kifungu kizima kinachoweza kuziba mishipa midogo, hata ya ubongo. Sukari za A na B huukaza mshikamano huo, ilhali kwa mtu wa kundi O vifungu huwa vidogo na huachana upesi, na ndiyo maana uwezekano wake wa kufikia malaria kali ni mdogo zaidi. Kuambukizwa, hata hivyo, mnaambukizwa, kwa kuwa kimelea hicho kina njia kadhaa za kuingia kwenye chembe, mojawapo ikiwa ni kushika asidi ya sialiki, sukari nyingine inayobebwa na protini iitwayo glikoforini, ambayo watu wa makundi yote wanayo.

Wapo pia watoto, ingawa ni wachache sana, wanaozaliwa na hitilafu katika uunganishaji wenyewe wa sukari hizi, wakachelewa kukua na wengine kupata degedege.

Kinachonitia wasiwasi ni mjomba kukaa na homa akilitegemea kundi lake la damu. Mwambie alale ndani ya chandarua, na homa ikimshika akapime siku hiyo hiyo.