Bahasha ya Bi Kijiko

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mwenzio. Jumapili uliniuliza: mtoto akikaa mwaka mzima Marekani na watu asiowajua, si atarudi mtu mwingine? Nikakujibu "tutaongea" kwa kuwa nilikuwa na wageni sebuleni. Sasa nimeona niandike, maana kwenye simu wewe hunikata maneno.

Mpango wenyewe nimeuelewa. Mtoto alinieleza vizuri kuliko wewe. Unaitwa YES, Wamarekani waliuanzisha 2002, mwaka mmoja baada ya yale mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana wa nchi zenye Waislamu wengi wakaishi nao nyumba moja na kusoma shule zao, watu waache kuogopana. Umepewa majina ya maseneta wawili, Kennedy na Lugar. Niliposikia Kennedy nikamkumbuka marehemu babu yako. Hakuchoka kusimulia ile ndege ya Septemba 1959, Tom Mboya alipowapeleka wanafunzi 81 Marekani, na jinsi mwaka uliofuata akina Kennedy hao hao walivyotoa pesa wengine waende. Babu aliomba mara mbili, hakupata. Mpaka uzeeni ndege ikipita juu ya mtaa wa South C, Nairobi, alikuwa akisema, "Hao, wanakwenda," hata kama ni kindege cha uwanja wa Wilson kinachopeleka miraa.

Lakini kilichonikaa rohoni ni neno jingine. Mtoto anasema familia itakayompokea hailipwi hata senti, inajitolea. Nilimwuliza mara mbili. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa vipande vipande, na wewe huwezi kujua kwa nini, kwa sababu habari ya Bi Kijiko, yule mgeni wetu wa Kimarekani, uliipata nusu.

Wewe ulikuwa bweni. Ulimkuta likizo ya Aprili, amekwisha kuzoea, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na wadogo zako wakakusimulia kichekesho cha siku ya kwanza, alipoomba kijiko cha kulia ugali. Hiyo ndiyo nusu uliyoipata.

Alikuja Januari 1992, mwanafunzi wa chuo kimoja cha huko kwao, akae nasi hadi Mei ajifunze Kiswahili. Mwaka ule bei ya kila kitu ilikuwa inapaa na baba yako alikuwa hajalipwa malimbikizo yake. Wenye mpango uliomleta walikuwa wakinilipa chakula na malazi, bahasha ya kahawia kila mwisho wa mwezi, na mimi sikumwambia mtu nje ya nyumba hii. Wiki chache baada ya kufika akaniuliza atanilipa nini kwa wema wangu. Nikamjibu kwa mdomo mpana: "Mgeni halipi, mwanangu. Mgeni ni baraka." Nikajiona Bibi mkubwa kabisa.

Mwisho wa Februari mleta bahasha akaugua, wakampa yeye mwenyewe ailete. Nilikuwa nakata sukuma wiki. Akasimama mlangoni pa jikoni akasema, "Mama, nimeambiwa utie sahihi hapa." Kwenye karatasi kulikuwa na jina langu, idadi ya siku, na kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Mikono yangu ilikuwa na maji, wino ukasambaa. Hakusema kitu. Jioni alikula vizuri, akasema asante, akainuka akaacha sahani mezani.

Hebu fikiri. Tangu wiki ya pili alikuwa akiosha vyombo pamoja nami. Siku tatu akawa anaacha sahani mezani, na siku tatu mimi nikaiosha bila kusema. Alikuwa na haki? Alikuwa na haki. Mpangaji haoshi sahani. Lakini na mimi nilikuwa nimemwongopea nini? Bahasha ile ilinunua unga, haikuninunua mimi. Ama iliniambukiza kidogo? Miaka zaidi ya 30 nabishana na nafsi yangu juu ya sahani tatu.

Usiku wa nne maji yaliyokuwa yamekatika yakarudi saa nane. Nikamgongea: "Amka, maji yamekuja." Tukajaza mitungi yote, kisha tukakaa uani na lile sufuria la pilau la Ijumaa, majivu na waya, tukasugua. Mimi nasema siku zote na nitasema tena: mtu humjui mpaka usugue naye sufuria. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kilichopinda, "Mama, pesa ile inatosha?" Nilitaka kufanya mzaha. Nikasema, "Haitoshi." Hakucheka. Asubuhi nikakuta noti zake chini ya kopo la sukari.

Sikuzirudisha. Ndizo zilizomalizia karo yako ya muhula wa pili. Sasa unajua.

Basi ukiniuliza mtoto atarudi vipi, mimi naona unauliza upande wa wepesi. Utaniambia Wangari Maathai alikwenda Kansas 1960 akarudi mwanamke aliyezuia jumba la ghorofa 60 Uhuru Park, na wabunge walipomcheka hakutikisika. Kweli. Lakini ukakamavu ule ni wa Kansas au wa Nyeri? Mimi nasema Nyeri. Lakini elimu ya viumbe aliisomea kule, siwezi kukataa.

Linalonisumbua ni huyo mama wa huko. Hana bahasha ya kumfanya avumilie. Siku mtoto akinuna, akifungia mlango, akikataa chakula chao kwa sababu hajui kama kina nguruwe, nini kitamzuia asichoke naye? Au pengine hapo ndipo pazuri, kwamba hakuna karatasi ya kutia sahihi. Sijui. Na Novemba watamsimamisha mbele ya watu aeleze Kenya, miaka 16, eti balozi. Balozi gani hajui kupika wali usioshika chini! Mfundishe. Asikae kule kama mgeni wa heshima. Mtu humjui mpaka usugue naye sufuria, na wao hawatamjua wakimwekea kila kitu mezani.

Kama ni aende au abaki, hilo ni lenu, sitii mkono. Ingawa fomu, mtoto ameniambia, ilijazwa zamani na wewe mwenyewe ulitia sahihi, kwa hiyo sijui unaniuliza nini.

Nipigie Ijumaa baada ya swala, usipige wakati wa taarifa ya habari. Na mpe simu mtoto, nataka kumwuliza kama huko wanatumia majivu.

Mama yako