Maswali na Majibu ya Wasomaji: Kanda ya Queen Iliyoandikwa «Krismasi»

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu mjomba wangu aliniachia kanda ya kaseti ya dakika 90 ambayo juu yake ameandika kwa penseli «Queen, Hammersmith, Krismasi». Tangu utotoni naisikiliza kwenye redio kaseti yetu, na kwangu hakuna rekodi inayoifikia. Upande wa kwanza unakatika katikati ya wimbo, kwa hiyo nimekuwa nikitafuta nakala kamili. Rafiki yangu alinipatia albamu rasmi ya onyesho la Hammersmith la mkesha wa Krismasi ya 1975, lakini siyo yenyewe: katika kanda yangu zimo «We Will Rock You» na «Crazy Little Thing Called Love», ambazo albamu haina. Yeye anasema kanda yangu ni ya kughushi, imeungwaungwa vipande. Je, ni kweli? Na nitaipataje nzima?
Msomaji wa Kizota, Dodoma

JIBU: Kwa hayo uliyoyaeleza, kanda yako haina dalili ya kughushiwa. Kilichowapotosha ni yale maandishi ya penseli, kwa sababu Queen, bendi ya roki ya Uingereza, walipiga katika ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, msimu wa Krismasi zaidi ya mara moja. Onyesho la tarehe 24 Desemba 1975 lilirushwa na BBC, wasikilizaji wakalinasa majumbani kwao, na kwa takriban miaka 40 likazunguka mikononi mwa mashabiki hadi lilipotolewa rasmi mwaka 2015. Lakini bendi ilirudi katika ukumbi huohuo tarehe 26 Desemba 1979, kwenye matamasha ya kuwachangia wananchi wa Kampuchea, nchi ambayo leo tunaiita Kamboja. Mtu aliyeandika «Krismasi» juu ya kanda ya usiku huo hakusema uongo. Aliacha tu kuandika mwaka.

Nyimbo ulizozitaja zinatosha kuliondoa onyesho la 1975. «We Will Rock You» ilitoka mwaka 1977, na «Crazy Little Thing Called Love» ilitoka Oktoba 1979. Ukitaka kuhakikisha zaidi, sikiliza «Bohemian Rhapsody», ikiwa haikuangukia pale kanda inapokatika. Mwaka 1975 bendi iliukata wimbo huo na kuuchanganya na «Killer Queen», na ile sehemu ya katikati yenye sauti nyingi za kiopera haikuigusa kabisa. Kufikia 1979 walikuwa wakiupiga wote, ila sehemu hiyo ya katikati ilitoka kwenye kanda ya studio wanamuziki wakiwa wameondoka jukwaani, kisha wakarudi kwa kishindo gitaa linapoingia. Sikio lililotulia hulinasa badiliko hilo hata kwenye kaseti iliyochakaa: sauti husafika ghafla, mwangwi wa ukumbi hupungua, halafu jukwaa linarudi na vurugu zake. «Now I'm Here» haitakusaidia, kwa maana waliupiga katika maonyesho yote mawili.

Orodha ya nyimbo peke yake, hata hivyo, haithibitishi usiku mmoja mahususi, kwani bendi iliyo kwenye ziara hurudia orodha karibu ileile kila siku. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kati ya wimbo na wimbo. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen na mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946, alizoea kuzungumza na watu waliofika, na maneno yale pamoja na kosa la gitaa au kelele ya mtu aliyekaa karibu na kinasa sauti ni kama alama ya kidole ya usiku ule. Andika kwenye karatasi kila neno unalolisikia, hata salamu fupi, ukionyesha linafuata baada ya wimbo gani. Karatasi hiyo ndiyo utakayoilinganisha na nakala za watu wengine.

Sasa kuhusu kuipata nzima. Katika albamu rasmi ya matamasha yale ya Kampuchea, iliyotoka mwaka 1981, Queen wamo kwa wimbo mmoja tu, nao ni huohuo «Now I'm Here». Kwa hiyo itakubidi utegemee mashabiki wanaobadilishana rekodi, na kwao usiulize tu kama wanayo. Uliza nakala yao imetokana na nini. Wanaokumbuka enzi za maduka ya kurekodia, pale ulipopeleka kaseti tupu na orodha ya nyimbo ukaambiwa urudi kesho, wanajua kwamba nakala ya nakala huongeza mvumo na kupoteza sauti nyembamba za matoazi. Shabiki makini atakueleza kama yake imetoka kwenye kanda ya kwanza iliyonasa onyesho au ni ya tatu au ya nne kutoka hapo, na ilihamishwa kwa mashine gani. Akikupa faili, omba la FLAC, ambalo hubana sauti bila kuipunguza. MP3 hutupa sehemu ya sauti, na ukiigeuza kuwa FLAC kilichokwisha kutupwa hakirudi, ingawa wapo wanaofanya hivyo na kujisifu.

Angalia pia kasi. Kaseti imekusudiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini mpira wa deki ukilegea au mota ikizeeka, wimbo hupanda au hushuka, na kosa la asilimia 6 tu linatosha kuusogeza kwa nusu toni nzima. Kagua kwa kinanda cha umeme, hata kile cha kwaya ya kanisani. Linganisha na piano iliyomo kwenye kanda wala usilinganishe na gitaa, maana gitaa mpigaji anaweza kulilegeza apendavyo. Inawezekana nakala unayoipenda tangu utotoni inakimbia kuliko bendi yenyewe, na ukipata iliyorekebishwa utaiona imepoa. Wengi huikataa mwanzoni.

Hiyo kaseti yako usiitupe hata ukipata nzima. Kabla ya kuihamishia kwenye kompyuta, vunja vile vijiti viwili vya plastiki vilivyo ukingoni mwa juu ili isirekodiwe tena kwa bahati mbaya, safisha hedi ya deki kwa pamba yenye spiriti, uiache ikauke, kisha izungushe kanda mbele na nyuma mara moja. Kwa vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi, usafi huo si wa mara moja kwa mwaka.

SWALI: Kwa nini mtu ahangaike na rekodi ya kificho wakati albamu rasmi zipo, tena zina sauti safi?
Msomaji wa Singida

JIBU: Kwa sababu albamu rasmi za jukwaani mara nyingi hukusanya nyimbo za usiku mbalimbali na kusahihishwa studio, ilhali shabiki anataka usiku mmoja ulivyokuwa, pamoja na makosa yake. Zaidi ya hayo, wenye haki wenyewe huja kukubali baadaye. Rekodi ya mwanamuziki wa Marekani Bob Dylan iliyovuma miaka mingi kwa jina la Royal Albert Hall ilinaswa hasa Manchester tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade Hall, na ilipotolewa rasmi mwaka 1998 jina lile la makosa liliachwa kwenye jalada, likiwa ndani ya alama za kunukuu. Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, wao waliwatengea mashabiki wanaonasa sauti sehemu yao ukumbini kuanzia mwaka 1984. Rekodi ya onyesho lao la Chuo Kikuu cha Cornell la tarehe 8 Mei 1977, iliyonaswa na fundi wao wa sauti Betty Cantor-Jackson, ilizunguka kwa mashabiki kwa miaka mingi, ikaingizwa katika rejesta ya kitaifa ya rekodi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na ikatolewa rasmi mwaka 2017. Hiyo ningekushauri uanze nayo.

SWALI: Nimepata onyesho zuri la roki la miaka ya 1970. Je, naweza kutengeneza CD na kuziuza mjini?
Msomaji wa Kondoa

JIBU: Hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mtunzi na mwimbaji pia, na kunakili onyesho la mtu na kuliuza bila idhini yake ni kosa. Kubadilishana kwa mashabiki nako hakuhalalishwi na kutotoza fedha. Kunavumiliwa na baadhi ya bendi, nyingine hazivumilii. Kama unataka kusikiliza kwa amani, ipo hazina ya mtandaoni ya Internet Archive, ambayo katika mkusanyiko wake wa muziki wa jukwaani hupokea rekodi za bendi zilizotoa ruhusa tu. Msomaji wa Kizota asiitafute Queen humo.