Ukadeti wa melini: usinunue nafasi, na kitabu chako kisikae bila sahihi

Mdogo wangu, umesema umemaliza kidato cha sita kwa PCM (fizikia, kemia na hisabati), unataka ukadeti, yaani kujifunza uofisa ukiwa melini, upande wa deki, wale wanaoongoza meli, na kuna mtu anakudai milioni mbili ili akupandishe meli. Nianze na huyo: usimpe hata shilingi. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, yaani MLC, ambao Tanzania na Kenya zote zimeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Cha kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Mimi nililipa. Nikakaa miezi minne nangoja simu, na fedha ile mama aliipata kwa kuuza kiwanja.

Darasani hutakwama. Ukiwa DMI, chuo cha mabaharia pale Dar, au Bandari Maritime Academy ya Mombasa, kozi za mwanzo za STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, zinaeleweka: kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama wako na wa wenzako. Kinachowakwamisha vijana ni muda wa baharini. Cheti cha ofisa wa zamu, yule anayeongoza meli kwa saa zake, kinataka miezi 12 melini ukiwa ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, na walau miezi 6 kati ya hiyo uwe unashika zamu brijini, chumba cha kuongozea meli, chini ya ofisa. Ukiwa nje ya mafunzo hayo ni miezi 36. Kwa hiyo kabla hujalipa ada, waulize chuo kadeti wao waliotangulia wamepanda meli zipi, na wangapi bado wako nyumbani.

Ukishapanda, roho yako ni kitabu cha mafunzo, kile ambacho ofisa anasaini kila kazi uliyoifanya. Meli yangu ya kwanza ilibeba shehena ya kichele, yaani mzigo usiofungashwa. Kila asubuhi nilikuwa napima maji kwenye matangi ya balasti, maji ya kuipa meli uzito isiyumbe: unapaka chaki kwenye utepe wa chuma, unauteremsha bombani mpaka uhisi kile kizito cha shaba kinagonga chini, unauvuta na kusoma pale chaki ilipolowa. Tangi kwa tangi, jua au mvua, kisha napeleka namba kwa chifu ofisa, msaidizi wa kwanza wa nahodha. Kazi hiyo niliifanya zaidi ya miezi miwili, nikaona haya kumsumbua mzee wa watu anisainie. Mkataba wake ukaisha, akashuka. Aliyempokea akapekua kurasa zangu tupu akasema, "Sisaini nisichokiona." Alikuwa na haki kabisa. Nilirudia yote, na nilichelewa kufanya mtihani wa mdomo kwa sababu hiyo. Wewe peleka kitabu kila Jumapili, hata kama amenuna.

Kutapika kutakuja, kutaisha. Serahangi, mkuu wa mabaharia wa deki, mheshimu, atakufundisha mafundo na kamba kuliko mwalimu yeyote.

Na wiki hii hii, kabla ya fomu yoyote, nenda kapime macho, hasa rangi. Deki unatakiwa utofautishe taa nyekundu na kijani za meli nyingine usiku. Rafiki yangu tuliyeanza naye aligundua hazitofautishi baada ya kulipa ada ya mwaka mzima. Kile kipimo cha vidoa vya rangi hakimalizi dakika kumi.